Kizuizi Kimoja kwa Masoko Mawili

Jumatatu, 5 Septemba 2022

Kosa la watu wengi juu ya ushuru: wanadhani kinachomchosha mchuuzi ni kiasi. Si kiasi. Ni kusimamishwa mara mbili. Nilifundisha darasa la sita mpaka nikastaafu; mtoto huvumilia adhabu moja kubwa kuliko mbili ndogo.

Redio imesema leo kwamba nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na sasa sisi tumo, zinatafuta kuoanisha kodi zao. Kuoanisha maana yake ni kufanya vilivyotofautiana vipatane. Nimemweleza Emérence, mke wangu, akisugua sufuria. Amejibu kwamba anachotaka yeye kipatane ni chakula na walaji.

Ana sababu. Malewa yake, kimgahawa cha benchi mbili na meza, haina watu. Soko la juu, upande wa Masisi, lina kamba ya Papa Théogène iliyokatiza barabara. Soko la chini, njia ya Kashebere, lina kamba ya Mama Libérata. Wachuuzi wanasimama kwenye kamba, wanalipa, wanakula hapo hapo. Nyumba yetu iko katikati, darajani. Hapa wanapita mbio. Emérence amenipa muda wa siku mbili za soko. Hali isipobadilika, anabeba sufuria kwenda kwa dada yake Uwizeye, Pinga. Sufuria zote! Hata ile ya maharage yangu.

Nina mpango. Kizuizi kimoja, ushuru mmoja, darajani. Kitakuwa mbele ya malewa, lakini hilo ni bahati tu.

Jumanne, 6 Septemba

Nimepanda kwa Théogène. Tulikaa dawati moja shuleni. Bado anaamini nilinakili kwake. Nimemweleza soko la pamoja bila haraka, tangu mwanzo. Amekubali kabisa kuwe na ushuru mmoja: wake. Yeye huchukua kitu kimoja kwa kila mzigo, uwe mkubwa uwe mdogo.

Nimeshuka kwa Libérata. Naye amekubali kabisa: wake. Yeye huchukua kipimo cha mawese, na asiye na mawese hutoa kile ambacho Libérata amekipenda.

Wote wawili wanautaka umoja. Wasichotaka ni kuwa nao pamoja.

Alhamisi, 8 Septemba

Ushindi! Nimepata kanuni: sehemu moja ya ishirini ya mzigo wowote. Nusu ya zaka, nimewaambia, kwa hiyo hata pasta hatalalamika. Kitakachopatikana wagawane sawa. Théogène aliuliza nani atahesabu. Nilinyamaza kwa unyenyekevu mpaka wakanitaja.

Kamba zote mbili zimefunguliwa, na mwanzi umelazwa darajani juu ya mapanda mawili. Emérence ameutazama, akauliza nani amenituma. Nimemjibu: historia. Amerudi jikoni.

Jumamosi, 10 Septemba

Siku ya soko. Asubuhi tamu! Msururu kutoka darajani mpaka kwenye kona. Wanaosubiri wanakula. Emérence aliishiwa mandazi, akatabasamu kuelekea upande wangu. Sijaliona tabasamu hilo tangu harusi ya Fiston, mtoto wetu.

Kisha akafika Semana, mfugaji wa huko juu, na ng'ombe. Mmoja. Akavua kofia.

"Papa Mwalimu, sehemu moja ya makumi mbili ya huyu ngombe, tunakata ya mbele ao ya nyuma?"

Msururu mzima ulicheka. Mimi nilieleza. Ng'ombe mmoja hagawanyiki. Basi atapita bure mara kumi na tisa, na mara ya ishirini atabaki kwetu.

"Sawa, Papa. Leo njo mara ya kwanza."

Akapita. Ng'ombe aliacha kitu darajani, lakini hakikuwa cha kuhesabiwa.

Nyuma yake mama mmoja wa jibini alikuwa amesikiliza vizuri. Alikuwa na jibini ishirini. Akamwuzia Emérence moja kwa bei ya chini, akaja kwangu na kumi na tisa. Mara ya kwanza. Mtu wa mawese, madumu mawili: mara ya kwanza. Mtu wa mikungu ya ndizi alikula mmoja na wenzake pale pale, akapita. Wauza jibini wengine wakafanya vivyo hivyo; mchana malewa ilikuwa na jibini nyingi kuliko soko lenyewe. Mimi nilikuwa na viazi viwili, kutoka kwa mwinjilisti aliyeona haya.

Jumatatu, 12 Septemba

Théogène na Libérata wamekuja pamoja. Hawajawahi! Wamekaa benchi moja, wakala jibini ya Emérence, hawakulipa. Uamuzi wao: kamba ya juu inarudi, kamba ya chini inarudi, na mwanzi unabaki kwa sababu umeshawekwa. Mchuuzi atalipa kote kutatu. Asiyefikisha ishirini atatoa kimoja.

Nilianza kuwaeleza tofauti kati ya kuoanisha na kujumlisha. Libérata alinikatiza.

"Mwalimu, si ulituomba tupatane? Tumepatana."

Jumamosi, 17 Septemba

Siku ya pili ya soko. Daraja tupu. Hakuna mchuuzi, hakuna hata Semana. Wote wanavuka mto huko juu, nyuma ya migomba, maji yanapofika magotini.

Niliingia jikoni. Sufuria hazimo. Pinga! Nilikimbia, kwa umri huu, nikiwauliza watu kama wamemwona akipanda pikipiki. Walinionyesha migomba.

Emérence alikuwa kivukoni, chini ya turubai, sufuria zote zikichemka. Watu wamejaa, wanakausha miguu. Mtu aliyelowa hula sana, hilo sikulijua. Aliniambia yupo hapo tangu Jumatano na nilikuwa nashughulika mno na mwanzi hata sikuliona hilo. Nilimpongeza, kisha nikaeleza kwamba kivuko hiki hakina utaratibu wowote.

"Papa Fiston, kaa, kula," alisema, akinipa sahani. "Lakini ukileta mwanzi hapa, njo nitaenda Pinga kweli."

Nilikaa. Maharage yalikuwa mazuri.

Jumapili, 18 Septemba

Nimetafakari kwa utulivu. Emérence ana haki: mwanzi ulikuwa kosa. Mwanzi watu wanauzunguka. Kamba iliyofungwa kando ya mto mzima haizungukwi, na kuhusu kamba hakusema neno. Kiwango nacho kilikuwa na kasoro ndogo. Nimeona wote wanabeba kumi na tisa. Basi iwe sehemu moja ya kumi na tisa.

Cha kufanya leo, kabla ya ibada: pima urefu wa mto.