Minyoo Mliyonipa Kwenye Karatasi

Kwa Mkuu wa Maabara,

Mwanangu mheshimiwa (kwa umri nakuzaa), shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaitoa.

Mimi ni yule bibi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilikuja na mkaza mwanangu kupimwa choo, kwa kuwa sote wawili tunapika jiko moja. Majibu yenu yakasema yeye mzima, mimi nina minyoo. Tangu hapo mwanangu amenikataza kumlisha mjukuu wangu, na mtoto anashinda akilia anamtaka bibi. Roho inaniuma. Kwa hiyo nalalamika hivi:

1. Hadubini yenu ilikagua choo hichohicho isione kitu. Mkaleta kipimo cha vinasaba. Kijana wenu akanieleza kwa adabu kwamba mnyoo mwenyewe hawajamwona, wameona vinasaba vyake tu. Sasa mtu anashitakiwaje kwa mgeni ambaye hakuna aliyemwona? Mtu mzima hatishiwi nyau.

2. Mtaani kwetu vinasaba hupimwa pale mtoto anapogombewa na baba wawili. Mimi ni mjane, meno yamebaki sita. Tangu nirudi kutoka kwenu majirani wananiuliza baba ni nani, na fundi viatu wa pale kona ameanza kunikwepa.

3. Kama kipimo kinajua hadi ukoo wa mnyoo, basi kiseme na nyumbani kwake. Naomba mkapime sufuria za mkaza mwanangu. Yule mboga haoshi, anazionyesha maji tu.

4. Ikithibitika minyoo ni yake, aje aichukue. Inakula kwangu, inalala kwangu, na jina linalochafuka ni langu. Kisha mnipe barua yenye mhuri kwamba mimi ni msafi, niibandike mlangoni, fundi viatu naye aisome.

Wasalimie wote hapo, hata yule binti wa dirishani aliyelitaja jina langu na ugonjwa wangu kwa sauti ya mnadani.

Ni mimi niliyedhulumiwa,
Bibi Miwani

N.B. Nusura nisahau hoja kubwa kuliko zote. Asubuhi ile tumbo liligoma na kikopo chenu kilikuwa kitupu, nikachota kidogo kwenye poti ya mjukuu. Kwa hiyo minyoo si yangu, na kesi nimeshinda.

Ila mtoto huyo, tangu aache ziwa hadi nilipokatazwa, hajalishwa na mkono mwingine ila huu wangu. Naomba dawa ya mtoto wa miaka mitatu, na ya bibi yake. Mama yake asijue.