Nilivyokufa Mbele ya Fundi Saa

Jumatatu, tarehe 4
Nimewatangazia wote kwa kinyozi: Jumamosi mjukuu wangu anazindua filamu yake fupi, na stelingi ni mimi. Kinyozi kasimamisha mkasi. Fundi Saa, mpinzani wangu tangu tuna meno yote, akauliza nasema maneno gani humo. Nikamjibu kazi kubwa haina maneno. Sikudanganya. Nacheza maiti. Nimelala kitandani, shuka hadi kidevuni, ndugu wa uongo wananililia huku wanagombania kabati langu. Hilo la umaiti sikulitaja.

Jumanne, tarehe 5
Kuna jambo sijamwambia mtu. Siku ya kupiga picha, watu wanalia vizuri kabisa, nikashikwa na hamu ya kujua kama kamera inanitazama mimi au yule mpangaji wetu anayeigiza mjane. Nikafungua jicho. Moja tu, la kushoto. Ilikuwa inanitazama mimi. Mtoto wa watu kahangaika mwaka mzima. Kaazima kamera, kaazima taa, kaazima hadi babu. Nimemharibia.

Jumatano, tarehe 6
Nilikwenda kuungama kwa mjukuu. Nikamkuta kwenye kompyuta anakata na kuunga picha, macho mekundu. Ujasiri ukayeyuka. Nikamshauri tu anitoe, aweke mto. Akasema, Babu, bila wewe hakuna filamu. Masikini, hajaona. Mke wangu, anamenya vitunguu pembeni, akasema mto ungeigiza vizuri zaidi, kwanza haukoromi.

Alhamisi, tarehe 7
Mpango! Fundi Saa asipokuwepo, aibu inapungua nusu. Nikamwambia onyesho limesogezwa Jumapili. Akanitazama kwa ile lenzi yake ya kazi, jicho kama sahani, akanyoosha kidole kwenye tangazo la Jumamosi. Limebandikwa kwenye kibanda chake. Kalibandika mwenyewe.

Jumamosi, tarehe 9
Ukumbi wa maktaba, viti vya plastiki, vijana watano na filamu zao. Yetu ya mwisho. Nilikaa karibu na mlango, tayari kwa mbio. Nikafa vizuri. Ndugu wakalia, wakafika kwenye kabati. Halafu jicho likafunguka. Ukutani pale, kubwa kuliko dirisha. Watu wakapiga yowe, kisha wakacheka hadi viti vikaanguka. Filamu ikaishia hapo hapo. Kumbe mjukuu aliliona jicho siku ile ile, akapindua hadithi: mzee kajifanya amekufa ili asikie atakavyosemwa. Ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Akaja kunishika mkono, akasema, Babu, umeniokoa, mwisho wangu wa awali ulikuwa umepooza. Pumzi niliyoibana tangu Jumanne ikatoka yote. Nikakaa chini, mbio zimeisha. Fundi Saa alikuwa anafuta machozi. Kasema aliponiona nimelala vile alianza kunisamehe makosa yangu, ila sasa anauchukua msamaha wake.

Jumatatu, tarehe 11
Usingizi mtamu siku mbili. Kwa kinyozi nimewaeleza jicho lile nililifanyia mazoezi miezi mitatu, na la kulia lilikuwa tayari kushika zamu. Filamu ijayo mjukuu kanipa kukohoa nyuma ya mlango. Mara moja. Nimemwambia Fundi Saa naigiza jenerali mwenye farasi wawili. Hakubisha hata kidogo. Kauliza tu onyesho ni lini, aanze kutafuta gundi ya tangazo.