Mnavu wa Marehemu Spéciose na Wezi Wake Watatu

Libère Nduwayo,
Nyuma ya msikiti, nyumba yenye lango la bati,
Nyamirambo, Kigali.
Tarehe 17 Novemba 1992.

Kwa Mheshimiwa Konseye (Diwani) wa Sekta.

YAH: WIZI WA MBOGA, DHARAU, NA KUKONDESHWA KWA MMEA KWA MAKUSUDI

Mheshimiwa Konseye,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na ukiwa umeketi, maana yaliyomo si ya kusomwa na mtu aliyesimama. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa Kifaransa changu ni cha stoo, cha magunia na makatoni, na hasira niliyo nayo haiingii humo. Kinyarwanda changu nacho, ingawa nimezeeka katika mji huu, majirani bado wanakicheka wakisema kinanuka Bujumbura. Basi tuongee lugha ya Nyamirambo, ambayo kila mtu anaivunja apendavyo na bado tunaelewana.

Mimi ni mgane na mtunza stoo mstaafu. Mke wangu Spéciose alifariki mwaka jana baada ya Pasaka. Mungu hakutujalia watoto. Aliniachia masufuria, redio inayoshika stesheni moja, na kishamba cha mnavu nyuma ya jiko. Mnavu, Mheshimiwa, ndiyo ile mboga chungu ambayo watu wa hapa wanaiita isogo, yenye maua meupe madogo na vitunda vyeusi. Bila shaka uliila ukiwa mdogo, kabla hujapata gari. Mimi mezani nilikuwa nikisema ni majani ya watu waliokosa kabichi, na yeye alikuwa akinipakulia tu. Baada ya mazishi watu walirudi makwao, nikabaki mimi na mnavu, nikaanza kuutunza.

Na nautunza kweli. Nang'oa magugu kabla ya chai. Namwaga majivu shinani, na maji niliyooshea mchele. Samadi ya mbuzi nabeba mwenyewe kwenye ndoo, nikiwa nimevaa tai, kwa sababu sijui kutoka nje ya nyumba bila tai. Kile kishamba ndicho kitu pekee alichokilea kwa mkono wake ambacho bado kinaota. Mnavu ule ukifa, nitakuwa nimemzika mara mbili, na mara ya pili sitaiweza. Nimesema wazi ili usije ukadhani nakusumbua kwa ajili ya mboga.

Sasa malalamiko yangu ni haya.

1. WIZI. Wapo wanawake watatu. Wa kwanza ni Médiatrice, anayeuza makaa hapo chini barabarani. Wa pili ni Christella, mke wa fundi cherehani, ambaye ndoa yake ina miaka miwili tu na tayari anajua njia ya kuingilia uani kwangu. Wa tatu ni bibi Nyiramana, ambaye meno yamemwisha lakini vidole bado ni vya kijana. Hawa walikuwa wakija kila asubuhi na vikapu. Hodi walikuwa wakiipiga wakiwa wamekwisha kuinama. Na hawakuchuma jani kuukuu hata siku moja, hapana, walikuwa wakikata vilele, vile laini kabisa, kwa kucha, tik, tik, tik, kama watu wanaotoana chawa. Kisha wanakaa juu ya jiwe langu la kufulia wanasimuliana habari za mtaa mzima kwa urefu wa misa ya Jumapili. Marehemu alikuwa akiwaachia lango wazi. Nilimkanya mara nyingi, akanijibu kwamba nirudi stoo nikahesabu sabuni.

Nilipomwambia Médiatrice kwamba huo ni wizi, alinijibu bila kuinuka: "Mzee, mboga hii hakuna mtu alipanda. Iko ya Mungu." Nikamuuliza, je, maji ya mchele anayamwaga Mungu? Akasema ndiyo, ila anamtuma mzee Libère. Wenzake wakacheka mpaka Christella akashika ubavu. Mheshimiwa, nimewahi kutukanwa na mameneja watatu na dereva wa lori, lakini sijawahi kufanywa kijakazi wa Mungu mbele ya watu!

2. MNAVU HAUNA UTAMBULISHO. Nilikwenda kwenye ofisi moja mjini kuomba mnavu wangu uandikwe kuwa mali yangu. Karani, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, akaniuliza kama ni wa shambani au wa porini. Nikamweleza kwamba ulijiotea wenyewe, kama wa porini, lakini unalelewa nyumbani, unakula majivu ya nyumbani, na hauna kwingine unakokujua. Akasema haiwezekani, lazima uwe kimoja, kwenye karatasi hakuna nafasi ya katikati. Mimi sikumlaumu sana. Siku hizi katika nchi hii hata binadamu anaulizwa kwanza ni wa aina gani ndipo aulizwe habari za asubuhi, sasa mboga ni nani ipite bila kuulizwa? Lakini nilirudi nyumbani kwenye samadi yangu nikiwa nimechoka.

3. KUKONDESHWA. Hapa ndipo penye uzito. Nakushukuru kwamba mwezi uliopita ulimtuma nyumbakumi wetu, Bwana Jean-Luc, awakataze. Alifanya kazi yake vizuri, alizunguka nyumba zote tatu akiwa amevaa koti, na kwa Médiatrice alipewa chai. Mimi nikajenga uzio wa matete, nikauzungushia waya, nikatia miiba juu. Tangu siku hiyo hakuna mkono mwingine uliogusa mnavu wa Spéciose. Hata mimi nilikuwa nikila jani moja moja la chini, lile linalokaribia kuanguka lenyewe, ili nisiuumize.

Ungedhani sasa umestawi. Thubutu! Tangu walipoacha kuiba, mnavu umeanza kuugua. Umerefuka, umekuwa vijiti vitupu. Majani yamekuwa madogo, magumu, ya manjano pembeni. Umejaa maua kila mahali kama harusi ya tajiri, na chini ya maua vitunda, na chini ya vitunda hakuna cha kula. Niliongeza majivu, ukazidi. Niliongeza samadi, ukazidi. Nilipika sufuria moja, nikamwaga maji ya kwanza na ya pili, nikatia mawese na dagaa kama alivyokuwa akifanya yeye, na uchungu wake ukanitoa machozi. Sijui kama ni uchungu wa mboga tu.

Mheshimiwa, jambo hili lina sababu moja tu. Mimi ni Mkatoliki, siamini uchawi, kwa hiyo sisemi uchawi. Nasema husuda. Zamani wanawake hawa walikuwa wakiiba vilele na kuniachia mmea. Sasa wananiachia vilele na kuiba mmea wenyewe, kwa macho, wakiwa wamekaa majumbani kwao. Wizi wa mkono nyumbakumi anauweza. Huu mwingine unahitaji konseye.

4. NDEGE. Hawa nao wameungana na wanawake wale. Wanakula vitunda vyeusi kwenye uzio wangu na kwenda kujisaidia kwa Médiatrice, nyuma ya magunia yake ya makaa. Huko umeota mnavu ambao haukuombwa na mtu. Nimeuona kwa macho yangu nilipopanda juu ya pipa la maji kuchungulia, na tafadhali usiulize nilikuwa nachungulia nini. Ni mnene, Mheshimiwa! Majani mapana kama kiganja, ya kijani mpaka yanang'aa. Na mwanamke yule anauchuma kila siku asubuhi, bila huruma, yeye na wenzake, na kadiri wanavyouchuma ndivyo unavyojaa. Tangu lini kitu kikaibiwa kila siku kikanenepa? Wangu umefungiwa, unalindwa, una waya, na ndio unaokonda. Kama huo si ushahidi wa njama, basi sijui wewe na Bwana Jean-Luc mnangoja ushahidi gani.

5. KIMYA. Nikipita bombani wananyamaza. Christella anatazama ndoo yake. Nyiramana, ambaye zamani alikuwa akiniita "mkwe" bila ruhusa yangu, sasa ananiita "Bwana Nduwayo". Asubuhi uani kwangu nasikia uji unavyochemka. Naomba nieleweke vizuri, silalamiki kwamba hawaji, mimi mwenyewe ndiye niliyewakataza. Nalalamikia namna wanavyokosa kuja. Kuna adabu hata ya kutokuja, na wao hawana.

Kwa hiyo naomba ofisi yako iamuru mambo yafuatayo:

(a) Mnavu ulioko nyuma ya makaa ya Médiatrice urudishwe kwangu pamoja na udongo wake, kwa kuwa ni mtoto wa mnavu wangu, na mama yake anajulikana.

(b) Kwa kuwa ndege hawaishii kwa Médiatrice, mnavu wowote ulioota kando ya barabara kuanzia Nyamirambo hadi Gitega ya hapa Kigali utambuliwe kuwa ukoo wa marehemu Spéciose, na atakayechuma aseme kwanza ahsante kwa sauti, akilitaja jina la marehemu lote.

(c) Wanawake wote watatu waletwe mbele ya uzio wangu na askari, wasimame nje, wauangalie mnavu kwa macho mema mpaka upone. Wakichoka wakae, jiwe la kufulia lipo.

(d) Kuhusu ndege, naiachia hekima yako.

Najua una mengi. Kuna vita huko kaskazini, na huku mjini kila kijana amevaa kofia ya chama chake na anatuahidi maziwa mpaka kwenye bomba. Nimesikiliza vyama vyote kwa subira kwenye ile stesheni yangu moja, na hakuna hata kimoja kilichotaja mnavu. Ukinisaidia katika hili, nitavaa kofia yoyote utakayonipa.

Nifikishie salamu kwa mama watoto, kwa watoto wote hata yule aliyevunja kioo cha msikiti, kwa yule karani wa mjini na kalamu zake, kwa Bwana Jean-Luc ambaye koti lake namwomba alifue, na kwa kila mtu wa ofisini anayenikumbuka, na asiyenikumbuka pia. Kwa wale watatu usipeleke salamu zangu. Wakiuliza habari zangu, waambie sijambo kabisa.

Wako katika uchungu na utii,

Libère Nduwayo,
Mtunza stoo mstaafu.

NYONGEZA, Desemba mwanzoni.

Mheshimiwa, barua hii haijakufikia kwa sababu nilikuta ofisi imefungwa kwa ajili ya mkutano, kisha kwa ajili ya msiba, kisha mlinzi akachoka kunipa sababu. Kumbe afadhali, maana imenibidi kuongeza haya.

Siku nilipoandika, niliona barua tupu haina nguvu, nikataka kukuambatanishia ushahidi. Nikachukua kisu, nikaenda kwenye shina lililokuwa hoi kuliko yote, lile la karibu na mfereji, nikalikata vilele vyote na maua yake yote, nikavifunga katika gazeti. Nililikata kwa hasira, bila kulionea huruma. Ushahidi ukanyauka mfukoni wakati nangoja ofisi ifunguliwe. Wiki iliyopita nilikwenda kung'oa magugu, nikalikuta shina lile. Kila mahali nilipokata pametoka machipukizi mawili. Majani laini, mapana, ya kijani. Na mashina yale mengine yote, ambayo sikuyagusa, ambayo nimeyalinda kwa waya, yalikuwa yanakauka yakiwa yamesimama.

Nikakirudia kisu. Kisha nikakata la pili, ili nijaribu, na la tatu, kisha yote, na leo nayo yanachipua. Basi ndivyo ulivyo huu mmea, Mheshimiwa. Usipochumwa unatoa maua, ukitoa maua unazaa, ukizaa unasema kazi yangu imekwisha. Wale niliowaita wezi ndio waliokuwa wakiuweka hai, kila asubuhi, kwa kucha zao, na mimi na uzio wangu ndio tuliokuwa tukiuua. Nimeona aibu ambayo sijaiona tangu nizaliwe. Nimemwomba Spéciose msamaha nikiwa peke yangu uani, kwa sauti, na sijali nani alisikia.

Kwa hiyo naondoa maombi (a), (b), (c) na (d), ila ndege uwaache kama walivyo. Mahali pake naomba amri mpya, yenye mhuri: kwamba wanawake hawa watatu watakiwe kuingia uani kwangu kila asubuhi na kuiba vilele, bila hodi, na anayekataa afuatwe na askari. Mimi mwenyewe siwezi kuwaomba. Mdomo ulioomba nyumbakumi atumwe hauwezi tena kusema karibuni. Uzio nimeubomoa jana kwa mikono yangu, lango nimelifungua mpaka ukutani, nikakaa mlangoni nikijifanya natengeneza redio. Hakuja mtu. Leo asubuhi nimekaa tena, na redio nimeiharibu kweli.

Mheshimiwa, subiri. Nyiramana ameingia sasa hivi. Hakupiga hodi wala hakunitazama, amenipita mimi na redio yangu kama sisi ni ukuta uliopakwa chokaa, amekwenda moja kwa moja nyuma ya jiko. Namwona dirishani ninapoandika haya. Anaiba, Mheshimiwa, anaiba vizuri sana, tik, tik, tik, na kikapu kimekwisha kumjaa, na sasa amegeuka anamwita Médiatrice kwa sauti kubwa aje na kile kikapu kikubwa. Tafadhali usitume askari yeyote.