Mkaaji wa Nyumba Nambari Kumi na Tatu

Ilitangazwa rasmi, kwa barua pepe kwa wafanyakazi wote na kwa keki iliyowekwa karibu na mashine ya fotokopi, kwamba kampuni ya umeme ya Mwanga Bora wa Kaskazini imeunda Kurugenzi ya Maridhiano ya Kudumu na Wateja. Mkurugenzi wake alikuwa Bwana Crispin Hebblethwaite. Watumishi wa kurugenzi walikuwa yeye huyo huyo, mpaka bajeti itakaporuhusu vinginevyo.

Bwana Hebblethwaite aliupokea wadhifa huo kwa unyenyekevu uliosikika hadi ghorofa ya tatu. Hakuwa mtu wa kuokotwa. Ndiye aliyeandika mwongozo wa maafisa wa nje, unaokataza afisa kunywa chai ya mteja mwenye mgogoro, kwa kuwa chai huchemshwa kwa umeme, na anayekunywa umeme wenye mgogoro amekwisha kutoa hukumu. Ndiye pia aliyetunga kanuni kwamba mfanyakazi yeyote atakayeonekana katika orodha ya wadaiwa sugu wa kampuni atafutwa kazi siku hiyo hiyo. Mlinzi wa zizi, aliandika, hapaswi kukutwa na manyoya mdomoni.

Faili la kwanza la kurugenzi lilihusu nyumba nambari 13, Mtaa wa Tentercroft, mjini Harrowclough. Mkaaji wa nyumba hiyo alikuwa akitumia umeme wa Mwanga Bora bila kulipa hata senti. Aliandikiwa barua nyingi. Zote alizijibu, tena kwa mwandiko mzuri, akisema kwamba nyumba nambari 13 haipo. Idara ya Madeni iliyahesabu majibu hayo kuwa ukaidi. Alhamisi mafundi wangekwenda na hati ya mahakama, wavunje kitasa ikibidi, na wakate umeme. Kurugenzi ilipewa mpaka Jumatano jioni kuleta maridhiano ya kudumu.

Jumanne Bwana Hebblethwaite alishuka kwenye gari lake Mtaa wa Tentercroft, mvua ikinyesha kwa ule ustahimilivu wake wa kila siku. Akatazama milango ya upande wa namba witiri. Tisa. Kumi na moja. Kumi na moja A. Kumi na tano. Akarudi nyuma, akatazama upya, kana kwamba nyumba ilikuwa imejificha kwa aibu ya deni.

Mlango wa 11A ukafunguka. Alikuwa bibi mfupi mwenye aproni, Winifred Ollerenshaw, ambaye kila mtu alimwita kipenzi, hata polisi.

"Unatafuta nini, kipenzi? Utalowa."

"Natafuta nambari kumi na tatu."

"Haipo. Aliyejenga mtaa huu aliiogopa kumi na tatu kwa mkosi wake, kama watu wote wenye akili zao. Hapa ni kumi na moja A. Ingia."

"Kwa mujibu wa kumbukumbu zetu, mama, hapa ni kumi na tatu."

"Ingekuwa kumi na tatu, marehemu mama yangu asingekubali niolewe humu."

Kutoka juu ikasikika fimbo ikigonga sakafu, kisha sauti ya mwanamume yenye mkwaruzo. "Nani huyo, Win?"

"Mtu wa umeme."

"Yupi? Wa kulipwa au wa kukata?"

"Wa kukata."

"Mwambie afute miguu."

"Ndiye Wilf wangu," Bi Winifred alisema wakielekea jikoni. "Kiwanda cha pamba kilimla mapafu. Sasa anaishi chini ya blanketi la umeme, majira yote. Daktari anasema baridi ikimpata tena hatavuka. Kwa hiyo mkija Alhamisi kukata, mjue hamtakata taa tu."

Bwana Hebblethwaite alilipokea jambo hilo kwa uzito na kuliweka kichwani mwake chini ya Mengineyo.

Jikoni, akiwa na koti lake mwilini, alikuwa ameketi Bi Philippa Quarmby wa Nuru Mpya, kampuni shindani ya umeme. Bi Winifred aliwalipa Nuru Mpya kila mwezi bila kukosa, kwa nyumba ya 11A. Mambo yalikuwa hivi. Mwanga Bora walikuwa wamenunua kompyuta mpya, na kompyuta hiyo haikuogopa namba yoyote. Iliona pengo kati ya kumi na moja na kumi na tano, ikasikitika, ikaliziba kwa nyumba. Nyumba ikahitaji mita, ikapewa iliyokuwa karibu. Basi mita ya Bi Winifred ikawa na kampuni mbili, na kila kampuni ilikuwa na hakika naye kama mchumba.

"Chai?" Bi Winifred aliuliza.

"Asante, hapana," alisema Bwana Hebblethwaite.

"Asante, hapana," alisema Bi Quarmby, ambaye kampuni yake ilikuwa imenakili mwongozo wa Mwanga Bora pamoja na makosa ya chapa.

Jikoni kulikuwa na baridi, maana joto lote la nyumba lilipelekwa juu kwa Wilf. Maafisa walilitazama birika kama watu wawili wa mfungo wanavyotazama sahani ya sambusa.

"Hili ni suala la mwingiliano wa umiliki wa mita," Bwana Hebblethwaite alianza.

"Ni suala la nyinyi kubuni nyumba," alisema Bi Quarmby. "Ifute."

"Mfumo haufuti. Mfumo unahamisha."

"Ihamishe basi."

"Kwa nani? Mkaaji hawezi kutoka mpaka mkaaji mwingine aingie. Vinginevyo nyumba ingebaki tupu, na umeme unatumika. Hilo lingekuwa wizi."

"Andika jina lolote."

"Bi Quarmby, kuandika jina la uwongo ni kosa la jinai."

Fimbo iligonga juu. "Aandike lake," alisema Wilf.

Bwana Hebblethwaite alisimama, akaenda dirishani, akaitazama mvua. Akilini aliona jarida la kampuni, ukurasa wa kwanza, picha yake kuanzia kifuani. Na kichwa cha habari: Kiongozi Aliyejitolea.

"Kwa kweli haina madhara," alisema taratibu. "Nyumba haipo. Mtu akikaa katika nyumba isiyopo, hakai."

"Sheria inasema hivyo?" aliuliza Bi Quarmby.

"Akili inasema hivyo."

"Mimi nimeuliza sheria."

Lakini Bwana Hebblethwaite alikwisha kutoa kompyuta yake ndogo. Alijaza jina, akabonyeza, na skrini ikameremeta maputo ya rangi. Hongera kwa nyumba yako mpya, iliandika.

"Karibu mtaani, kipenzi," alisema Bi Winifred. "Sasa utakunywa chai."

"Asante, hapana. Bado mgogoro haujafungwa rasmi."

Ulifungwa rasmi asubuhi ya Jumatano. Mfumo wa Nuru Mpya ulipoona kwamba mita imepata mkaaji mpya wa Mwanga Bora, uliifuta 11A, ukamrudishia Bi Winifred malipo ya mwezi na kumtakia heri huko aendako. Mfumo wa Mwanga Bora nao ulimtoa mkaaji wa zamani wa nambari 13 na kumwingiza mpya. Deni halikutoka. Deni, kwa kanuni, hufuata mita, kama kupe anavyomfuata ng'ombe hata akiuzwa.

Mchana Bwana Hebblethwaite alipata ujumbe kwenye simu yake ukimwarifu kuhusu ziara ya Alhamisi. Akaipigia Idara ya Madeni, iliyokuwa ghorofa moja chini yake. Aliwekwa kwenye foleni. Sauti iliyomwomba subira ilikuwa yake mwenyewe. Aliirekodi wakati wa sherehe za kampuni, na alipoisikiliza mara kadhaa aliona kwamba bado ilikuwa na mvuto.

Hatimaye dada mmoja alipokea.

"Kuna hitilafu ndogo," alisema Bwana Hebblethwaite. "Mimi siishi nambari kumi na tatu. Nyumba hiyo haipo."

"Ndiyo. Mkaaji aliyetangulia naye alisema hivyo hivyo."

"Dada, mimi ni Mkurugenzi wa Maridhiano ya Kudumu."

"Hongera. Kesho uwe nyumbani kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Mafundi wasipokukuta, wanakata na jina lako linaingia kwa wadaiwa sugu."

"Mtu akae siku nzima? Nani aliandika upuuzi huo?"

"Limeandikwa jina hapa chini. Hebble... ngoja, maandishi madogo sana. Unaona mambo yao hawa wakubwa?"

Alimshukuru, akakata simu.

Alhamisi, kabla ya saa mbili, alikuwa mlangoni pa 11A na mwavuli wake.

"Nani, Win?" sauti ilishuka.

"Mwenye umeme."

"Mwambie afute miguu."

Aliketi kwenye kiti kile kile, katika baridi ile ile, Bi Winifred akifuma soksi kwa sindano mbele yake.

"Bi Winifred," alisema mwishowe, kwa sauti ambayo haikuwa ya kwenye simu. "Ungekubali kuhama? Ni jambo dogo. Usingesogea hata kwenye kiti hicho."

"Kuhamia wapi?"

"Nambari kumi na tatu."

Sindano zilisimama. "Na Wilf alivyo mgonjwa? Hapana, kipenzi. Mungu namwamini, lakini simchokozi."

"Mtu mwingine yeyote hapa mtaani?"

"Waulize. Ila jana kanisani tumekuombea. Mchungaji alitaka kujua una shida gani, nikasema una matatizo ya umeme. Wengi waliguswa. Mwanamke mmoja alilia."

Mafundi walifika mchana, wawili, wapana kuliko mlango. "Mkaaji wa kumi na tatu ni nani?"

Juu, Wilf alikohoa, kikohozi kirefu kisichokuwa na mzaha ndani yake. Bwana Hebblethwaite alitazama dari. Kisha akaikumbuka ile orodha, na mlinzi wa zizi, na manyoya.

"Ni mimi," alisema, akatoa kadi yake ya benki.

Alilipa deni lote la nyumba isiyopo. Mafundi walimpa mkono, wakamwambia wateja wote wangekuwa kama yeye kazi ingekuwa raha, wakaondoka zao.

"Nimeona," alisema Bi Winifred. "Nasi si wezi. Sehemu yetu tutakulipa kila mwezi. Uniandikie bili, kumi na moja A, nami nitaikagua. Nikikuta kosa nitakupigia simu."

"Mimi?"

"Sasa nimpigie nani? Wewe ndiye kampuni yangu. Na usiniweke kwenye foleni, kipenzi. Ile sauti yenu inamtia Wilf kichefuchefu."

Vidole vya Bwana Hebblethwaite vilikuwa vimekufa ganzi na meno yalikuwa yakigongana. Alilitazama birika.

"Bi Winifred," alisema. "Ile chai."

Bi Winifred hakuinua macho kutoka kwenye soksi.

"Birika lile pale. Umeme ni wako, mimi nani nikupangie? Na ukichemsha, Wilf hunywa na vijiko viwili vya sukari."

Fimbo iligonga juu.

"Vitatu," alisema Wilf. "Leo analipa yeye."