Malalamiko Kuhusu Viti Vitupu Ndani ya Kompyuta ya Mke Wangu

Kwa Mhariri,
Ukurasa wa Fundi wa Nyumbani

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote mnaotoka jasho hapo ofisini. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi.

Mimi ni mpanga viti. Ukienda harusini ukamkuta shangazi wa bwana harusi amekaa mahali pa kuonekana, na mpiga picha hajamkanyaga mtu, ujue nimepita hapo. Kazi hii nimeianza kabla sijaota ndevu, na ndiyo iliyonipa jina la Safu ya Mbele. Sijisifu. Nataka tu ujue kwamba ukizungumza nami juu ya nani akae wapi, huzungumzi na mtu wa kuokotwa.

Mke wangu hukata na kuunga filamu za harusi. Kompyuta yake iko sebuleni, kwenye meza chini ya dirisha. Desturi yetu ni hii: yeye anakata filamu, mimi napiga pasi vitambaa vya viti, na wote wawili tunawasengenya wageni wanaopita kwenye kioo. Nani kavaa nini, nani kasinzia, nani karudi kwenye sinia mara ya tatu akidhani kamera imezimwa. Ndiyo raha ya nyumba yetu. Sasa raha hiyo haipo, na mkono wako umo.

Kompyuta ilikuwa imeanza kuwa nzito. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ni fundi, akaleta RAM mbili mpya, yaani vile vijiti vya kumbukumbu vinavyochomekwa kwenye bodi ili mashine ifikiri haraka. Bodi ina nafasi nne zilizopangwa sambamba. Shemeji akachomeka moja kwenye nafasi ya pili na nyingine kwenye nafasi ya nne. RAM ya zamani, iliyotutumikia miaka yote bila kunung'unika, akaing'oa na kuiacha dirishani. Nilipomuuliza huo ni mpangilio wa wapi, akanifunulia ukurasa wako. Mmeandika, tena kwa herufi nene: RAM zikiwa mbili, zikae ya pili na ya nne. Nikarudi kwenye pasi yangu. Shemeji ni shemeji.

Lakini siku moja nilifungua kompyuta kupuliza vumbi. Kuviona vile viti vitupu, mikono ikaniwasha. Nikairudisha RAM ya zamani, nikaikalisha nafasi ya kwanza, karibu na prosesa, ule ubongo wa mashine, ambako kwa hesabu yangu ndiko jukwaani. Zile changa mbili nikazipanga nyuma yake, bega kwa bega. Nafasi ya nne nikaiacha wazi kwa mgeni wa kuchelewa. Ukumbi wowote ungenishukuru. Kompyuta ikalia, ikazima, ikawaka tena, na tangu hapo ikawa inakwenda kwa mwendo wa bibi harusi anayeingia ukumbini.

Mke wangu alikuwa na filamu ya watu inayosubiriwa. Akajaribu kuikata, picha ikaganda bwana harusi akiwa ameachama na keki iko njiani. Hakuuliza, hakugomba. Alikusanya vifaa vyake akaenda kufanyia kazi kwenye karakana ya kaka yake. Anatoka asubuhi, anarudi kulala. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Kuhusu viti vitupu. Shemeji anadai RAM mbili zikikaa ya pili na ya nne, kila moja inapata njia yake na kazi inagawanyika. Mimi nimekaa na binadamu. Ukiacha kiti kitupu katikati ya wageni wawili, wataanza kuulizana nani kamkosea nani. Je, mmewahi kuwauliza RAM wenyewe wanajisikiaje?

2. Kuhusu umri. Ukurasa wako hausemi popote kwamba mkubwa atangulie. Nimeusoma mpaka tangazo la rangi za nyumba lililo chini, hakuna. Tukianza kuwavunjia heshima wakubwa ndani ya kompyuta, kesho tutawavunjia sebuleni.

3. Kuhusu mwendo. Shemeji anasema RAM za kasi tofauti zikichanganywa, zote hufuata ile iliyo polepole. Nauliza, kosa liko wapi? Sisi tukitoka na bibi, ukoo mzima hutembea mwendo wa bibi, na hajatokea mtu wa kumng'oa bibi na kumwacha dirishani. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Ni kweli kwamba filamu ile haikufika. Lakini haikujikwaa.

4. Kuhusu ruhusa. Hapa ndipo niliposhika kichwa. RAM mpya zimeandikwa kubavuni kwamba mwendo wake ni elfu tatu na mia mbili. Kumbe zikichomekwa tu zinakwenda elfu mbili na ushei, mpaka mtu aingie kwenye mipangilio ya ndani, ile inayofunguliwa kabla kompyuta haijawaka sawasawa, akaziruhusu! Yaani mtu mzima, kipaji kimeandikwa ubavuni, anasubiri kuambiwa haya, kimbia. Na mtu akipanga vibaya, mashine inaifuta ruhusa hiyo kimyakimya. Mke wangu naye alihama kimyakimya. Sijui nani kamfundisha mwenzake.

5. Kuhusu mke wangu mwenyewe. Najua ukurasa wako haushughuliki na wake za watu, lakini mmeshaingia, hamna budi kukaa. Meza ya chini ya dirisha iko tupu. Napiga pasi peke yangu. Juzi nilimsema mgeni mmoja kwa sauti, kwa mazoea, na aliyenijibu ni feni ya kompyuta. Inaniuma, Ndugu Mhariri, sikufichi.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo. Kwanza, ukurasa ule ufutwe, na wasomaji walioukata wakaubandika ukutani waubandue. Pili, wote wanaounda bodi za kompyuta waletwe kwangu kwa mafunzo, viti ninavyo. Tatu, kuanzia sasa bodi zitengenezwe na benchi moja refu badala ya nafasi nne, RAM zikae zikibanana kama watu waliopendana. Na nne, itungwe sheria ya kumtaka shemeji yeyote anayeingia nyumbani kwa dada yake aache bisibisi mlangoni pamoja na viatu.

Nisalimie wachapaji, mlinzi wa geti, na hata yule mchoraji wa mishale inayoonyesha nafasi ya pili na ya nne. Yeye sina ugomvi naye, alitumwa.

Ni mimi, mwenye heshima zote na hasira kiasi,

Safu ya Mbele,
Mpanga Viti.

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha niliona nikusanye ushahidi wa mwisho dhidi yenu. Nikazichomeka RAM kama mlivyoandika, ya pili na ya nne, ile ya zamani nikaiweka kabatini kwa heshima, nikaingia kwenye mipangilio nikatoa ruhusa ya mwendo. Nia yangu ilikuwa kuthibitisha kwamba hakuna tofauti. Kompyuta iliwaka kabla sijakaa vizuri. Nikaiwasha ile filamu iliyoganda, nikampigia simu mke wangu kumwambia hakuna tofauti, naye akasikia filamu ikikimbia nyuma yangu bila kukwama. Akauliza, "Nani kaitengeneza?" Nikasema ilijirudi yenyewe. Jioni akarudi na vifaa vyake vyote.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu nimeyafuta. Naituma hata hivyo kwa sababu ameikuta mezani, akaisoma mpaka mwisho, akacheka hadi akajifuta machozi, kisha akaipiga chapa yeye mwenyewe na kukataa itupwe. Anasema ina kasoro moja tu: nimewalilia RAM, nimemlilia bibi, nimeililia meza, na yeye sijamwambia neno. Basi na mchape na hili, maana ana kwa ana ulimi unanizidi uzito: nyumba hii bila yeye ilinishinda.