Waridi, Limau na Kifua cha Yudita

Jumatatu, 3 Juni
Jirani yangu Hamidu amekwisha! Sabuni yake inanuka mawese tu, na bado soko zima la Rumonge linampangia foleni. Yangu nimeitia waridi, limau na vanila. Vyote! Mke wangu Yudita anakohoa tangu nianze kukoroga. Nimemwambia ni vumbi la barabarani. Amejibu kwamba vumbi halinuki waridi. Mbishi.

Jumatano, 5 Juni
Balaa. Batuli, muuza samaki wadogo wa ndagala, alinawa kwa sabuni yangu, mikono ikavimba. Akaionyesha kila meza. Hamidu akampa maji safi na kipande cha sabuni yake, bure. Mnafiki!
Fikra mpya: manukato ya kupuliza nyumbani. Hayagusi ngozi, nani atalalamika? Nimeyajaribu chumbani, madirisha yamefungwa harufu isipotee. Yudita amehamia uani na mkeka wake. Anapumua kwa mluzi. Kazi yangu yote ile!

Ijumaa, 7 Juni
Wanakwaya walikuja kusali kwetu. Wateja! Nilipulizia viti, mapazia, hata Biblia. Katikati ya wimbo Yudita akaketi chini, midomo ya kijivu. Nikadhani ameshukiwa na Roho. Hamidu, jirani huyo huyo, alisikia mayowe, akaingia, akambeba hadi kwenye pikipiki.
Hospitali wamemwekea oksijeni. Muuguzi Anita alininusa kabla ya kunisalimu. "Papa, toka nje. Mama huyu ana pumu. Shati lako peke yake linamkaba."
Nimetoka. Dirishani nimeona mbavu zake zinavyohangaika. Nimelia. Hamidu alikuwa karibu, nikasingizia moshi.

Jumanne, 11 Juni
Ameruhusiwa, lakini yuko Kizuka kwa dada yake, Elda. Elda alinizuia mlangoni. Kasema mdogo wake hafiki hata kisimani bila kupumzika, na akirudi kwenye harufu ile tutamzika. Yudita akaita kutoka ndani, sauti nyembamba: "Melkiades, nataka kurudi nyumbani. Vitoe tu vile vitu."
Nimeapa. Nimemwaga kila chupa chooni.

Alhamisi, 13 Juni
Kesho namleta! Nimesugua sakafu kwa maji matupu. Mapazia nimeyatupa. Nikanusa: hakuna kitu. Kama kaburi! Mgonjwa apokelewe hivyo?
Nimefua mashuka kwa dawa ya kulainisha nguo, ya lavenda. Hiyo si manukato, ni usafi. Foronya nimeiloweka mara mbili, maana hapo ndipo atakapoweka pua.