Kuni za Chepkurui na Paa Linaloinuka

Jumatatu, 7 Aprili
Mwalimu wa ngumbaru alisema tuandike kila siku, herufi zisitutoroke. Haya. Mjukuu wangu Chepkurui amejifungua kule Mulot. Alhamisi tunaenda kumwona. Mongina, nyanya ya mume wake, atatoka Kisii alale hapa kwangu Mogogosiek. Ataleta ndizi, najua. Huzishusha moja moja ndio watu waone. Mimi napeleka kuni. Uji wa mzazi utachemka kwa moto wangu.

Jumanne, 8 Aprili
Kipkemboi, ndugu ya Chepkurui, amekuja na gari lake la kupeleka wageni porini. Pikapu imebeba chumba mgongoni. Ukibonyeza, paa linainuka, mtu anasimama ndani. Nikasema kuni zitakaa hapo juu. Akasema hapana Kogo, yaani nyanya, paa likiinuka lisibebe zaidi ya kilo hamsini, imeandikwa. Na nani? Na waliolitengeneza. Basi hao ni makarani. Karani anayepima majani chai yetu hukata kilo za gunia, halafu hukata kilo za maji yaliyolowesha majani. Sijaona karani anayeandika kilo yote. Hiyo hamsini ni mia.

Jumatano, 9 Aprili
Kipkemboi alienda dukani, nikapakia kuni juu ya paa. Mongina akafika, akaona kuni, akauliza kama tunahama. Nikamwambia mkwe, ingia garini upumzike. Akalalamika anainama kama mwizi wa kuku. Nikabonyeza. Paa likapanda na kuni zangu, likilia kidogo. Si nilisema? Mongina akalala na ndizi zake.

Alasiri mvua ikaja. Kuni zikanywa. Paa likaanza kushuka lenyewe, polepole, kama kuku anayelalia mayai. Mongina alitoka kwa magoti, ndizi imepondeka kichwani. Akasema nilitaka kumuua kabla amwone kitukuu. Nikamwambia angekuwa mwembamba asingesikia kitu.

Kipkemboi aliporudi aliangalia kuni zinavyochuruzika. Akaniuliza, Kogo, za maji ulikata ngapi?

Alhamisi, 10 Aprili
Vyuma vya kuinua paa vimepinda. Fundi wa Bomet anasema mpaka kesho. Mongina hakungoja. Amepanda bodaboda na ndizi zake. Atamshika mtoto kwanza. Mimi niko gereji na kuni. Haya machozi ni ya moshi. Moto haujawashwa, lakini ni ya moshi.

Ijumaa, 11 Aprili
Mulot. Kuni zimesafiri chini, ndani ya gari, vile Kipkemboi alitaka. Kufika, Chepkurui anapikia gesi. Mongina ameketi kando yake kama ndiye aliyemzaa mtoto. Nikaweka kuni mlangoni. Chepkurui akasema Kogo, gesi inapika lakini haiotwi. Niwashie moto. Akaniwekea mtoto mapajani. Ana vidole vya mama yangu. Mongina akasogea aote. Nilimwachia nafasi, upande wa moshi.

Nimenunua kondoo sokoni wa supu ya mzazi, mnene, manyoya tele. Leo mimi na Mongina tunalala garini, na Mulot ina wezi. Fundi alipotupa gari asubuhi alirudia maneno ya kilo hamsini, kumbe naye ni karani. Kipkemboi ameenda kunywa chai. Vijana wa bodaboda wamenisaidia kumpandisha kondoo juu ya paa, nimemfunga vizuri, nimebonyeza.

Mawingu ni meusi. Lakini kondoo si kuni. Hanywi mvua, ana manyoya.